Mitupo Tisini

Haya, mlionitukana wiki nzima, kaeni vizuri. Dada mmoja alinikamata Porte de Namur, pale pale kwenye ngazi za metro, akanishika koti na kuniuliza: "Wewe, unamwachaje kijana wa watu amesimama hadharani na mpira umemdondoka?" Nikamwambia, dada yangu, mimi naandika tu, aliyeudondosha ni Kadiri mwenyewe.

Basi tuuokote.

Aliyekosa gazeti la wiki jana, namweleza kwa pumzi moja. Kadiri ana miaka ishirini na sita. Ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, aliyeletwa Brussels na shangazi yake, Maman Fatuma, akiwa na miaka kumi. Wenzake walicheza kandanda, yeye akaangukia besiboli, ule mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu ambao nusu yenu hamuuelewi na nusu iliyobaki mnadanganya. Kazi yake ni moja tu. Anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anamtupia mpira mtu mwenye gongo, na yule mtu asiugonge.

Alikuwa fundi. Alipofika miaka kumi na minane Wamarekani walimchukua kwa mshahara, akawatupia misimu mitano kwenye timu zao za madaraja ya chini, hadi kiwiko kikachanika. Wakampasua, wakamshona, wakamkatia tiketi ya kurudi. Siku hizi anapanga maboksi ghalani Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumapili anawatupia watu wa Berchem-Sainte-Agathe bila malipo.

Leo ni Jumapili ya Mei, mwaka 2014. Na leo, kwenye benchi la mbele, ameketi bwana mwenye kofia ya kijivu aliyetoka Uitalia kuja kumtazama Kadiri peke yake. Timu yake inataka mtupaji wa kulipwa, mkataba wa miaka miwili. Mlango mwingine hautafunguka tena, na Kadiri anajua.

Lakini daktari wa kiwiko naye alishasema lake: mitupo tisini kwa siku, basi. Akizidisha, mshipa wa fahamu utakufa ganzi, na vidole vikishalala havitaamka.

Hapo ndipo tulipokuwa. Mchezo haujaanza, Kadiri yuko kichuguuni, anatupa jicho kwenye benchi za watazamaji, na mpira unamtoka mkononi.

"Kadiri! Ça va? Uko sawa?" Kocha Arnaud alipaza sauti kutoka bandani kwa wachezaji.

Kadiri aliinama, akauokota, akaupangusa kwenye suruali. Akatazama tena. Labda macho yalimdanganya.

Hayakumdanganya. Wamekaa watatu, mstari mmoja. Tonton Abeid, mume wa shangazi, kanzu nyeupe chini na koti la sufu juu, tasbihi inazunguka kwenye vidole. Maman Fatuma, amejitanda mpaka kwenye nyusi. Na katikati yao Papa Constant, jirani wa ghorofa ya chini, Mkatanga wa Lubumbashi, ndani ya suti nyeusi. Naïma, mke wa Kadiri, amekaa pembeni yao akiangalia simu.

Miaka kumi na sita watu hawa hawajakanyaga uwanja huo. Tonton Abeid huiita besiboli mchezo wa kupoteza mipira. Leo amekuja, tena na kanzu ya Ijumaa siku ya Jumapili!

Sasa wewe unayenisoma hapo Saint-Gilles, sina haja ya kukueleza. Kwetu habari ya kifo haipigwi simu. Wanakuja watu wazima, watatu au zaidi, wamevaa. Hawaanzi nayo. Wanakungoja umalize ulichokuwa unafanya, wanakuketisha, wanakulisha, ndipo mwenye ulimi mzuri anakohoa. Na mwenye ulimi mzuri katika jengo lao ni Papa Constant. Waislamu kwa Wakristo humwazima yeye. Kwa ulimi ule ameshawapa habari watu kumi na mmoja. Wako wanaovuka barabara wakiiona ile suti.

Kadiri akapiga hesabu. Baba yake, Mzee Hassan, yuko Buyenzi, sukari inamsumbua mwaka wa sita, na simu yake haijapokewa tangu Ijumaa. Asubuhi Naïma alikuwa jikoni na sufuria mbili za pilau. Alipomuuliza za nini, alijibiwa: "Za wageni."

Hesabu ikatoka jibu moja.

Hakulia. Hata moyo haukwenda mbio. Alisikia baridi kidogo shingoni, akafunga kifungo cha juu cha jezi.

Akawaza jambo moja tu. Wakishaniambia, baba amekufa. Wasiponiambia, bado. Na hawawezi kuniambia nikiwa huku.

Akainua mguu, akatupa.

Mpigaji wa kwanza wa timu ya Antwerp hakuuona mpira. Wa pili aliuona umeshapita. Wa tatu alipunga gongo kama anayefukuza nzi, akarudi kukaa. Besiboli ina awamu tisa, na kila awamu sharti utoe watu watatu; mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Awamu ya kwanza Kadiri alitoa watatu kwa mitupo kumi.

"Tranquille! Tulia," alisema Kocha Arnaud akimpiga bega. "Hivyo hivyo. Yule bwana anaandika."

Kadiri hakumgeukia yule bwana. Alikuwa akitazama midomo ya Papa Constant.

Mwisho wa awamu ya tatu alikwenda kwenye uzio. Naïma akashuka.

"Kuna nini?"

"Kuna nini, nini? Cheza."

"Wale wamekuja kufanya nini?"

"Kukutazama."

"Tonton Abeid? Kunitazama mimi?"

Naïma akaangalia viatu vyake. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Ixelles, kutwa anawadanganya vibibi kwamba watoto wao watakuja kesho, lakini kwa mumewe uongo haumtoki.

"Bon. Wana neno na wewe. Malizia mchezo kwanza. Tukifika nyumbani tutakula, halafu watakwambia."

"Tutakula kwanza."

"Ndiyo, tutakula kwanza. Kadiri, mbona unanitazama hivyo?"

"D'accord. Sawa," alisema Kadiri, akageuka akaenda zake.

Mnisamehe, niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hili mtamwita mjinga, na Kadiri si mjinga. Mwaka 2008, akiwa Marekani katikati ya msimu, kaka yake Waziri alifariki Bujumbura. Wazee wakakaa kikao, pale pale kwa Maman Fatuma, wakaamua: mtoto asiambiwe, atavurugika, asubiri msimu uishe. Kadiri akawa anamwandikia Waziri ujumbe kila Jumapili kama kawaida. Na majibu yakawa yanakuja. "Niko poa mdogo wangu, wewe tupa tu." Wiki saba! Simu ya marehemu ilikuwa kwa binamu mmoja, na Maman Fatuma ndiye aliyeagiza ijibiwe.

Alipoambiwa, mwezi wa tisa, alikuwa amekula wali na kuku. Alisema "haya", akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile kuna kitu ndani yake kililala na hakijaamka, na Naïma aliyeolewa naye miaka miwili baadaye hajawahi kumwona akicheka hadi meno ya nyuma.

Kwa hiyo msimwambie Kadiri kwamba wazee hawawezi kukaa jukwaani na maiti mfukoni. Anajua wanaweza.

Awamu ya nne, watatu chini. Ya tano, watatu chini. Mtupaji mwingine mwenye mtu wa Uitalia mbele yake angetetemeka, angetaka kupendeza. Kadiri hakutaka kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, mpira ukafuata, gongo likakosa. Hakuna hata mtu mmoja wa Antwerp aliyekuwa amegonga salama, na bandani wachezaji wenzake waliacha kumsemesha, maana kwenye mchezo huo mtu akifika hapo hasemeshwi, ni mwiko.

Ndipo lilipomjia.

Alikuwa anakwenda mbio mno! Kila mtu anayemtoa, mchezo unakaribia kwisha. Watu kumi na watano ameshawatoa, wamebaki kumi na wawili. Akiendelea hivi, baada ya saa moja atakuwa ameketishwa mbele ya sahani.

Akaanza kutupa nje.

Mpira wa kwanza nje. Wa pili nje. Wa tatu, wa nne. Ukitupa minne nje mpigaji anapewa kituo cha bure, anakwenda akitembea kama aliyealikwa. Mtu wa Antwerp akatembea. Mwenzake naye akatembea, na wa tatu vilevile.

"Ebo! Amechoka?" aliuliza Kocha Arnaud.

Hakuchoka. Alipoona watu wamejaa vituoni na hatari imefika, alirudi kwenye kazi yake, akawatoa watatu kwa mitupo tisa, akashuka kichuguuni na uso wa mtu anayetoka posta.

Yule bwana wa kofia ya kijivu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Quatre-vingt-neuf," alisema Kocha Arnaud akionyesha kile kidude chake cha kuhesabia. Themanini na tisa. "Umemaliza. Kazi safi sana. Vaa koti."

"Sitoki."

"Pardon?"

"Nimesema sitoki."

"Kadiri, tuliandikiana na daktari. Tisini!"

"Basi nina mmoja."

"Usinifanyie mchezo. Ule mkono ndio wanaoununua. Ukiuvunja leo, kesho wanunue nini?"

Nitawaambia ukweli kuhusu Kocha Arnaud, kwa sababu ni mtu mwema na watu wema nao wana tamaa. Miaka ishirini anafundisha pale Berchem, wala hajawahi kuona mtupaji wake akimaliza awamu tisa bila kugongwa. Alitazama ubao: mbili kwa sifuri. Akatazama kidude. Akamtazama bwana wa Uitalia, ambaye alikuwa amesogea mbele ya benchi, mikono kwenye magoti.

"Awamu moja," alisema. "Moja tu. Ukisikia chochote, unaniambia."

"Sisikii kitu," alisema Kadiri.

Hapo alikuwa anasema kweli.

Awamu ya saba kidole kidogo kiliondoka. Sisemi kiliuma, la. Kilikuwepo, anakiona, lakini kama cha mtu mwingine aliyesimama karibu naye. Alikikunja, akakikunjua, akatupa. Alimpa mmoja kituo cha bure, akawatoa watatu.

Kocha hakutoka bandani. Alikaa ameshika kichwa, kidude kimelala kwenye benchi kifudifudi.

Awamu ya nane kilifuata kidole cha pete.

Huku nyuma Tonton Abeid aliinuka, akaelekea kwenye maegesho ya magari. Kadiri akamfuata kwa macho. Tonton alifungua mlango wa gari la Papa Constant, lile la viti saba, akainama ndani, akakaa hivyo dakika nzima, akaufunga polepole, akarudi akizungumza na simu huku amefunika mdomo.

Wanapanga safari ya mazishi, aliwaza Kadiri. Kisha akawaza kwamba watakuwa wameshazika. Waislamu hawachelewi. Atakuwa amezikwa jana, alasiri, na mimi jana alasiri nilikuwa nanunua soksi.

Akasubiri wazo hilo limchome. Halikumchoma. Akatupa nje mara nne.

"Anafanya nini?" Maman Fatuma alimuuliza Naïma. "Anawapa watu njia makusudi."

"Sijui."

"Mutoto anachoka," alisema Papa Constant. "Na baridi hii, hata miye sisikie tena miguu."

"Si uchovu," alisema Naïma. Alikuwa amesimama. Tangu awamu ya saba alikuwa amesimama.

Awamu ya tisa, ya mwisho. Kadiri akawajaza vituo vyote vitatu, mmoja baada ya mwingine, kwa mipira kumi na miwili ya nje. Wachezaji wenzake walimtazama kama wanaomtazama mtu aliyepanda juu ya paa. Mtu mmoja akigonga vizuri, kazi yote imekwenda na maji, na mkataba nao.

Alikuwa anautazama mkono sasa. Ilibidi autazame, ndipo ajue kama mpira umo.

Watu watatu wamebaki. Angeweza kuendelea kutupa nje, wangezunguka hadi kituo cha nyumbani mmoja mmoja na kuokota pointi, mchezo ungekwenda mpaka jua lizame, na Mzee Hassan angeishi mpaka jua lizame. Aliliwaza hilo kwa utulivu kabisa. Ndipo akasikia sauti ya kike ikitoka kwenye uzio.

"Kadiri! Acha!"

Ni Naïma. Alikuwa ameshika wavu kwa vidole vyote kumi. "Acha, mume wangu! Inatosha! Nakuogopa!"

Wapo watu waliosema baadaye kwamba sauti ile ilimponza. Mimi nasema ilimchosha tu. Alichoka kumshikilia mzee peke yake.

Mitupo mitatu, mtu akatoka. Mitupo mitatu, akatoka wa pili. Wa mwisho alikuwa jitu la mabega mapana, akagonga hewa mara mbili, na mara ya tatu aligonga hewa kwa nguvu hadi akapiga goti.

Kwisha! Awamu tisa, hakuna aliyegonga. Kelele zikapanda, wenzake wakamrukia, wakamwangusha, wakamlalia. Yeye chini kabisa, uso kwenye udongo, anafikiria kwamba sasa hana tena pa kwenda.

Alipoachiwa alikwenda bandani, akaketi kwenye pembe ya benchi. Kocha Arnaud alikuja, akasimama mbele yake. Alikuwa analia. "Cent quarante," alisema tu. Mia moja na arobaini. "Nimekuachia mia moja na arobaini. Nisamehe."

Wazee wakaja. Watatu, hivyo hivyo, kwa mwendo ule ule, Naïma nyuma yao. Na Maman Fatuma ameshika nini? Bakuli la plastiki, limefunikwa kitambaa.

"Kula, mwanangu. Sambusa. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

"Nipeni tu neno, Maman."

"Neno lipo. Kula kwanza."

Kadiri akachukua sambusa, akauma, akatafuna. Maman Fatuma akakunja uso.

"Kwa mkono wa kushoto, Kadiri? Nani alikufundisha?"

Kadiri akautazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia uliolala kwenye paja. Naïma naye akautazama ule wa kulia.

Papa Constant akakohoa.

"Mwana," alianza, amefunga kifungo cha suti, "batu bazima balisema, muntu anaweza kungoya siku mingi, lakini..."

"Ni baba," alisema Kadiri. "Najua. Amekufa lini? Ijumaa?"

Tasbihi ya Tonton Abeid ikasimama.

"Baba gani?" aliuliza Papa Constant.

"Baba yangu."

"Alikufa?" Papa Constant akamgeukia Tonton Abeid kwa hofu. "Abeid, ulitoka kumuona saa hii, alikuwa namna gani?"

"Mzima! Amelala. Ameniambia nifunge mlango, baridi inaingia."

"Sasa, mwana, juu ya nini unasema vile? Baba yako iko mu motokari yangu! Shiye tulimufwata ku Zaventem, ku kiwanja cha ndege, na saa moya ya asubuyi, na mavalizi yake tatu. Bananiita miye juu niko na motokari ya nafasi!"

Naam, wasomaji wangu. Ndivyo ilivyokuwa. Visa ya mzee ilikuwa imekataliwa mara mbili, na kila mara Kadiri alikaa wiki bila kusema, kwa hiyo mara ya tatu Naïma aliomba kimyakimya, akapata, na wote wakaapa kutomwambia mpaka amwone kwa macho. Simu haikupokewa kwa sababu mzee alikuwa angani na kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Addis Ababa. Mzee alitaka kuja uwanjani moja kwa moja, akasikia baridi ya Brussels, akasema anangoja garini. Hata suti! Papa Constant aliivaa alfajiri kwa ajili ya kanisa.

Tonton Abeid akaanza kucheka. "Ulidhani tumekuletea msiba? Wallahi, kijana huyu!" Papa Constant akacheka mpaka akashika nguzo. Maman Fatuma naye akacheka, halafu ghafla kicheko kikamkauka mdomoni.

"Msicheke," alisema. "Nyamazeni nyote. Ni mimi niliyemfundisha hivi. Mimi na ile simu ya Waziri." Akakaa chini kwenye saruji, bakuli mapajani, akalia kwa sauti.

Na huko kwenye maegesho mlango wa gari ukafunguka. Mzee Hassan akatoka, amejifunga blanketi la ndege, kofia ya kiua kichwani, akaja polepole akipapasa kila hatua. Miaka kumi na sita. Alikuwa mfupi kuliko Kadiri alivyokumbuka.

"Wameniambia umeshinda," alisema, "na mimi nimelala kama mzigo. Njoo hapa."

Kadiri akasimama. Mzee akamkumbatia, kisha akauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akausugua, kidole baada ya kidole, kama mtu anayechagua mchele. "Mkono huu," alisema. "Huu huu ulikuwa unanivunjia vigae vya jirani."

Kadiri aliona vidole vya baba vikipita juu ya vyake. Aliviona. Alingoja furaha ije. Aliijua ilipo, kama unavyojua mgeni yuko ngazini, ukangoja agonge. Akasema "karibu, baba", akasema "pole na safari", akasema yote yanayosemwa.

Nani tena huyo? Bwana wa kofia ya kijivu. Alikuja na folda ya bluu, akaivua kofia mbele ya mzee, akasema Kifaransa chake cha kuokoteza.

"Mwaka huu nimetazama watupaji thelathini na wawili. Wote wanajua kutupa. Lakini mtu anayejaza vituo vyote mwenyewe, kisha anajitoa mwenyewe, tena mara mbili, bila jasho? Huyo sijamwona." Akaifungua folda. "Mkataba ni wako. Kesho saa tatu asubuhi daktari wetu atautazama mkono hotelini, ni utaratibu tu, halafu unasaini. Naona umetupa mingi leo. Mkono uko salama?"

Kocha Arnaud akageukia ukuta.

"Salama?" Mzee Hassan alidakia, kwa Kifaransa cha shule za zamani. "Bwana, mimi ndiye niliyeuzaa!" Akauachia, akanyoosha kifua.

Watu wakacheka, na yule bwana akacheka pia. Mkono wa Kadiri ukaning'inia ubavuni.

Naïma alikuwa nyuma yake. Amewaosha wazee mia, anaijua mikono iliyolala. Akachomoa pini kwenye mtandio wake. Hakutaka kumuumiza. Alitaka kujua, na alitaka ajue peke yake, kabla ya Waitalia. Akaigusa ncha ya kidole kidogo, akabonyeza kidogo.

Kadiri alikuwa anamsikiliza yule bwana akieleza habari za nyumba na usafiri.

Naïma akahamia kidole cha pete. Cha kati. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Akafika cha shahada, kile kinachoushika mpira, akafumba macho, akabonyeza kwa nguvu zote, pini ikazama.

"Na nyumba ina vyumba viwili," alisema yule bwana, "kwa hiyo mke wako..."

Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye suruali nyeupe ya mchezo ya Kadiri, ambako tone jekundu lilikuwa limetua, na la pili likafuata.

"Mwanangu," alisema Mzee Hassan, "unatoka damu."

Kadiri akajitazama kifuani, akajipapasa uso kwa mkono wa kushoto.

"Wapi?" aliuliza.